Sura ya Saba: Tepu Mdomoni mwa Mtutu

Sajini Matrona Shangin alikuwa mwoga, na hakuna mtu kisiwani Kodiak ambaye alikuwa hajui. Aliogopa dubu, ambaye kila mwenye akili zake humwogopa, lakini aliogopa pia ndege ndogo, maji baridi na mbwa wa jirani. Kazi ya upelelezi aliifanya miaka yote hiyo huku tumbo likimsokota, na wenzake walimtania kwamba akimkamata mwizi, anayetetemeka ni yeye. Asubuhi hiyo aliposhuka kutoka ndege inayotua majini katika Ghuba ya Tanalik, akaona taa za kibanda cha vifaa zinawaka mchana kwa sababu ya ukungu, alitamani kurudi hata ndani ya ndege hiyo. Ndani ya kibanda kile, leo, kungekuwa na mtu aliyekwisha kuua. Hilo alikuwa na hakika nalo. Hakujua ni nani.

Rubani, Rosendo Abad, alimshika mkono asiteleze kwenye boya la ndege.

"Polepole, Sajini. Ukitumbukia hapa utaganda kabla sijavua koti."

"Asante, kaka. Mnaruka saa ngapi kwenda bondeni?"

"Muulize yule." Rosendo alionyesha kwa kidevu mlima wa ng'ambo, uliokuwa umezama ndani ya wingu. "Yule ndiye bosi wetu. Akivua kofia, tunaruka. Asipovua, tunakunywa kahawa." Akainama ndani ya ndege, akatoa bakuli la plastiki lenye kifuniko. "Tambi za Fevronia. Tangu afiwe na mumewe hapiki kitu cha maana. Nisipomletea mimi, atashindia biskuti."

Matrona alitabasamu. Alimpenda Rosendo. Kisiwa kizima kilimpenda.

Ndani ya shanta lake, alikuwa amekiviringishia taulo kipande cha mtutu wa bunduki. Kilikuwa cha Gavril Lukin, mwongozaji wa wawindaji, aliyekufa Oktoba iliyopita kwenye bonde lililo juu ya ghuba hii. Mteja alijeruhi dubu, dubu akatoka kichakani, Gavril akasimama mbele kama ilivyo kazi yake, akafyatua, na bunduki ikampasukia usoni. Yaliyobaki akayamaliza dubu. Taarifa ilisema Gavril aliteleza mtoni, mtutu ukaingia matope. Watu wakazika, wakalia, wakala chakula cha msiba, wakarudi makwao.

Mjane wake ndiye aliyekataa. Alimpigia Matrona simu juzi, na sauti yake haikuwa ya mtu anayelia.

"Matope yaliingiaje?" aliuliza Fevronia. "Gavril alikuwa anafunga tepu."

Basi hapo ndipo Matrona alipokosa usingizi. Maana pale Kodiak hakuna anayekwenda porini bila kuziba mdomo wa mtutu kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Mvua, theluji, matope, vyote vinaishia nje. Dubu akija hakuna haja ya kuibandua. Unapiga hivyohivyo, tepu inachanika yenyewe na risasi inakwenda inakokwenda. Kwa hiyo ikishafungwa imefungwa, mpaka safari iishe. Matrona alirudi stoo ya vielelezo, akafungua taulo, akageuza kile chuma kilichochanuka. Kwenye ncha yake kulikuwa bado na pete ya tepu, imeungua, imeng'ang'ania. Matope hayawezi kupita kwenye tepu halafu yakaifunga tena nyuma yake. Kilichokuwa ndani ya mtutu kilitiwa kabla ya tepu kufungwa, na tepu ilifungwa siku ya kufunga mizigo, ndani ya kibanda hiki. Siku ile walikuwamo Gavril, Fevronia, msaidizi wao Dale Hofstad na rubani.

Na leo ni siku ya kufunga mizigo tena. Fevronia ana leseni yake ya kuongoza wawindaji. Leo anakwenda bondeni badala ya mumewe, na bunduki ya akiba ya mumewe.

Kibanda kilinuka chumvi ya kukaushia ngozi, turubai na kahawa iliyoungua. Katikati ya sakafu Dale Hofstad, jitu la ndevu nyekundu lisilocheka hovyo, alikuwa amepiga magoti akimwaga mizigo ya mteja. Mteja mwenyewe, Bwana Tolliver wa Oklahoma, alisimama pembeni akiangalia mali zake zikigawanywa kama za marehemu.

"Hizo ni jinzi nzuri," alilalamika Tolliver.

"Ni pamba. Pamba ikiloa haikauki. Utakuwa maiti mwenye jinzi nzuri." Dale akazitupa kwenye rundo la vitu vinavyobaki. Akainua kichupa. "Na hii?"

"Marashi."

"Unakwenda kumposa dubu?"

Kichupa kikafuata jinzi. Nyama kavu ikatolewa mfukoni mwa koti ikatiwa kwenye sanduku gumu linalofungwa kwa kufuli. Makopo ya pilipili ya kumpulizia dubu yakawekwa mlangoni, kwa sababu hayapandi ndani na watu. Yanasafiri ndani ya maboya ya ndege, likipasuka moja angani rubani asije akapofuka. Mifuko ya kulalia, waya wa uzio wa umeme wa kuzungushia hema, betri yake, visu vya kuchunia. Kila kitu kilikuwa kikali, au kizito, au kimetengenezwa kuua. Matrona alihesabu tu milango. Ulikuwa mmoja.

"Sajini," alisema Dale bila kuinua kichwa. "Umekuja kutuaga au kutukamata?"

"Nimekuja kunywa kahawa na kuuliza maswali."

"Kahawa ipo."

Matrona alijimiminia kikombe ili mikono iwe na kazi. "Oktoba iliyopita, siku kama ya leo, nani alifunga tepu bunduki ya Gavril?"

Dale alisimamisha mikono. "Gavril mwenyewe. Hakumwachia mtu bunduki yake."

"Ulimwona?"

"Nilimwona akisafisha. Kisha akaniita tukabebe mashua ya mpira. Tuliporudi ilikuwa kwenye rafu, imeshafungwa. Nikajua kaifunga." Akamtazama Matrona kwa macho madogo ya buluu. "Kwa nini?"

"Mlikuwa mmegombana."

"Kila mwaka tulikuwa tunagombana. Alitaka nioe, nami nilitaka anyamaze."

"Watu wanasema mligombania kibali cha kuwindishia ghubani."

"Watu wanasema hata mimi nina mke Seattle."

"Fevronia akiacha kazi, kibali kinakuja kwako. Na nimesikia unamkataza asiende bondeni."

Tolliver alijifanya anachunguza kiatu. Dale alisimama, na aliposimama taa iliyokuwa nyuma yake ikapotea. Matrona alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa rafu ya bunduki, na hakuona haya kurudi nyuma.

"Shemeji yangu hajalala vizuri tangu msiba," alisema Dale taratibu. "Mtu asiyelala hasimami mbele ya dubu. Nilimkataza, nitamkataza tena sasa hivi akitoka stoo. Hayo ndiyo unayoyataka?"

"Ndiyo hayo," alisema Matrona.

Rosendo aliingia akijikung'uta mvua huku akicheka. "Jamani, mnapima mizigo au mnapima vifua? Mlima bado umevaa kofia. Leo sidhani kama tutaruka."

"Hata kidogo tu?" aliuliza Tolliver. "Rafiki yangu alikuja huku mwaka juzi, kambi ile ya ng'ambo. Anasema rubani wao alizunguka juu, akamwonyesha dubu walipo kabla hata hajafungua mkoba. Asubuhi ya kwanza tu, akapata wake."

Dale aligeuka. "Nani alifanya hivyo?"

"Rubani wao. Jina hakuniambia."

"Hiyo ni jela," alisema Dale. "Kumtafuta dubu kwa ndege halafu ukampige. Wanachukua leseni na ndege pamoja nayo."

Rosendo alicheka tena, akajaza kikombe chake. "Wawindaji wakirudi mjini wanaongeza chumvi. Ukiwasikiliza, hata mimi niliwahi kumbeba dubu siti ya mbele." Wote wakacheka, hata Dale kidogo, na Matrona alishukuru.

Alijifanya anatazama bunduki kwenye rafu. Zilikuwa tatu. Ya Tolliver ilikuwa mpya mpaka inatia aibu, tepu yake imebandikwa ovyo. Ya Dale ilikuwa imechubuka, tepu imezungushwa vizuri, ncha imekatwa kwa kisu. Ya tatu ndiyo ya akiba ya Gavril, ambayo Fevronia ataibeba. Tepu yake nayo ilikuwa imekatwa kwa kisu, haina mkia.

Matrona aliinua ile bunduki ya tatu, akasema kwa sauti ya kawaida kadiri alivyoweza kwamba anataka mwenye nayo amwonyeshe namba yake, akaingia nayo stoo ya chakula na kufunga mlango.

Fevronia Lukin alikuwa anafunga unga na sukari kwenye mifuko. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, aliyefunga kitambaa kichwani kama wanawake wanavyofunga kanisani.

"Dada," alinong'ona Matrona. "Hii tepu umeifunga wewe?"

"Juzi, baada ya kupiga shabaha."

"Itazame."

Fevronia alitazama. Kisha akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika nyoka aliyekufa akiwa hana hakika. "Hii si yangu. Mimi naacha mkia. Gavril alinifundisha, unakunja ncha kidogo, ili siku ya kuibandua vidole vyenye baridi vipate pa kushika." Akameza mate. "Nani kaifungua?"

"Na ya Gavril haina mkia. Iliyoungua. Nimeitazama."

Nje ya mlango Dale alikuwa anapiga misumari kwenye sanduku.

Matrona alivuta komeo la bunduki akalitoa, akachungulia kutokea nyuma. Giza. Lakini giza halikumwambia kitu. Mtutu uliozibwa tepu huwa giza siku zote, ndiyo maana hakuna anayechungulia. Fevronia alimpa ufito wa shaba wa kusafishia. Matrona aliusukuma ndani mpaka ukagota, akashika kwa kidole pale ulipoishia, akautoa na kuulaza sambamba na mtutu kwa nje. Ufito uliishia shibiri nzima kabla ya mdomo.

"Labda ni tepu," alisema, ingawa alijua siyo.

"Tepu ingekuwa mwisho kabisa. Na ingebonyea." Fevronia alikaa juu ya gunia la viazi. Uso wake ulikuwa mweupe. "Hiki ndicho kilichomuua mume wangu."

Walibandua tepu. Matrona akaushika ufito, Fevronia akaugonga kwa nyundo ya mbao aliyoizungushia taulo, kila pigo likifuata la Dale kule nje ili lisisikike. Mara kitu kikadondoka kwenye unga. Kilikuwa kizibo cha kijivu, kigumu kama jiwe, kimepakwa mafuta ili kiteleze. Matrona aliijua ile gundi. Kila mtu ghubani anayo: unaikanda kwa vidole, unazibia mashua, maboya ya ndege, suruali za mpira, na ikikaa usiku mmoja inakuwa chuma. Kopo lake lilikuwa pale nje kwenye rafu, limefunguka, la wote.

"Ningefyatua dubu akiwa hapa," alisema Fevronia, akaweka kiganja mbele ya uso. "Hapa hivi. Na wote wangesema matope."

"Nani, dada?"

"Sijui."

"Dale haachi mkia. Nimeona bunduki yake."

"Dale?" Fevronia alitikisa kichwa. "Dale hata miche yake ya nyanya ya dirishani kaipa majina. Hawezi."

"Kama si Dale ni nani? Nikiwaachia mruke, utakuwa peke yako naye bondeni. Nikiwazuia, kesho atasema kizibo nilikitia mwenyewe, na keshokutwa mtapakia tena." Matrona akakiokota kizibo ungani, akakitia mfukoni. "Mtu anayejua ndani ya mtutu kuna kitu hataiweka bunduki shavuni mwake. Nataka Dale aipige."

Walipitisha ufito mara ya mwisho, ukatokeza upande wa pili. Fevronia alichungulia, Matrona akachungulia, Fevronia akachungulia tena. Kisha Fevronia akafunga tepu mpya, na ilimbidi ajikaze asikunje ncha. Akaikata kwa kisu.

Matrona alitoka stoo na bunduki mkononi, akatembea mpaka katikati ya kibanda, akajikwaa kwenye kamba, na bunduki ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Kujikwaa kulikuwa kwa kusudi.

Kila mtu aliganda. Dale alifumba macho.

"Sajini," alisema. "Katika vitu vyote vya kuangusha."

"Samahani. Mikono yangu, mnanijua."

"Imeangukia darubini ya kulengea." Dale aliiokota, akapapasa kioo kwa kidole. Hapa hapakuwa na la kujadili. Bunduki iliyoanguka haipandi ndegeni mpaka ipigwe tena shabaha, kila mwongozaji kisiwani anajua hivyo kama anavyojua jina lake. "Lazima tuipige. Tutoke nje."

"Ah, darubini ya zamani ile haitikisiki," alisema Rosendo kutoka dirishani. "Tazameni, mlima unavua kofia. Nikipata hii nafasi kidogo nawafikisha. Tukianza kupiga shabaha tutaikosa."

"Tutaikosa basi," alisema Dale.

"Jambo moja," alisema Matrona. "Silaha nyingine zote mezani. Na hizo bastola za kifuani. Mimi nikiwa nje na watu wenye bunduki nataka niione moja tu. Ni woga, nisameheni."

Tolliver alicheka. Dale alivua bastola yake bila neno. Rosendo alisita kidogo, akatikisa kichwa kama mtu anayemridhisha mtoto, akafungua mkanda wa kifuani akaweka yake juu ya jinzi za Tolliver. Matrona alibaki na yake chini ya koti.

Walitoka. Ubao wa shabaha ulikuwa umesimamishwa kule mwisho wa changarawe, chini ya kilima, na mahali pa kupigia palikuwa gogo karibu na gari la kubebea mizigo. Mvua ilikuwa imekatika. Fevronia alinyosha mkono. "Ni yangu, nitapiga."

"Dale apige," alisema Matrona upesi. "Kama ana nafasi."

Dale aliinua mabega. Alipokea bunduki, akatia risasi, akasukuma komeo. Matrona alisimama ubavuni mwake, karibu kuliko alivyotaka, macho yake kwenye mikono ile mikubwa. Sasa ataibandua tepu. Sasa atatoa udhuru, atasema bega linauma, atampa mwingine. Mkono wa Matrona ulikuwa ndani ya koti, umeshika bastola. Na mara woga mwingine ukamshika, mbaya kuliko ule wa kwanza: je, kama ufito ulidanganya? Kama kuna kipande kilichobaki kimeshikamana na chuma, basi anayemuua mtu huyu ni yeye, Matrona, kwa ujanja wake.

Dale hakuitazama hata tepu. Alilaza shavu lake kwenye kitako cha mbao, ndevu na yote, akavuta pumzi.

Mlio ulipasua ghuba. Shakwe wakaruka majini.

Dale alishusha bunduki, mzima, akachungulia ubao. "Imekwenda kushoto kidogo. Si mbaya."

Matrona alihema. Alikuwa amekosea. Mawazo yake yote yalikuwa yamemshika mtu asiyekuwamo, na sasa hakuwa na kitu.

"Vipi rubani wetu?" aliuliza Tolliver. "Kadondosha kitu?"

Matrona aligeuka.

Watu wa Kodiak hawashtuki bunduki ikilia. Fevronia alikuwa amesimama na mikono mfukoni. Tolliver alikuwa ameziba masikio kwa vidole, palepale begani kwa Dale. Lakini Rosendo Abad, aliyezaliwa kisiwani humo, aliyebeba wawindaji nusu ya maisha yake, alikuwa amechuchumaa nyuma ya tairi la gari, ameukumbatia uso kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa mpaka magotini. Alikuwa anangoja vyuma vidondoke.

Vyuma havikudondoka. Taratibu aliondoa mkono mmoja, akainua macho, akamwona Dale amesimama na uso wake wote. Kisha akaona kwamba wanamtazama.

"Niliteleza," alisema.

Rosendo alisimama, akapangusa magoti, na mkono ukapanda kifuani ukatafuta mkanda ambao haukuwapo. Matrona aliona mkono ule ukitafuta, na bastola yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kutoka chini ya koti, imemwelekea.

"Usisogee, kaka," alisema. "Mimi nikiogopa kidole changu hakinisikilizi."

Rosendo hakusogea.

Kutoka mfukoni kwa mkono wa kushoto Matrona alitoa kile kizibo cha kijivu, akakionyesha Dale kwenye kiganja. Dale alikitazama, akaitazama bunduki, akatazama pale Rosendo alipokuwa amechuchumaa. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na walimsubiri mpaka akaelewa.

"Uliniona naitia shavuni," alimwambia Rosendo. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba kuelezwa. "Ulikuwa hapo hapo. Ulikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Ungesema tu, Dale, acha."

"Dale..."

"Uliinama."

Uso wa Rosendo ule unaopendwa na kisiwa kizima ulikuwa umelegea. Alimgeukia Fevronia, kama vile kwake kungekuwa na huruma iliyobaki. "Gavril alikuwa anakwenda kunishtaki. Nilimwomba. Ile ndege ndiyo kitu pekee nilicho nacho, dada."

"Na mimi nilikuambia kwa upole," alisema Fevronia. "Mezani kwangu. Nilisema, Rosendo, najua unavyowatafutia wale matajiri dubu kwa ndege, Gavril aliniambia, acha kabla sijalazimika kusema. Ukasema utaacha. Ukanishukuru."

Matrona alimwambia Rosendo apige magoti kwenye changarawe, akapiga. Pingu zilimsumbua hadi Dale akaja akamshikia bastola, naye ilimbidi ajaribu tena na tena kabla chuma hakijaingia. Hakuona haya. Juu ya mlima wa ng'ambo kofia ilikuwa imetoka kabisa, anga safi, na Tolliver akauliza kwa sauti ya chini nani sasa atarusha ndege. Dale alisema watakwenda mjini kwa mashua, wote, hata kama ni siku nzima.

Fevronia alikuwa ameingia kibandani. Alirudi na lile bakuli la plastiki la asubuhi, kifuniko chake kikiwa bado kimefungwa, tambi zikionekana kwa ndani. Alisimama mbele ya Rosendo akamtazama kwa muda, yule aliyemletea chakula kipupwe chote akakaa kumtazama akila.

Aliinama akaliweka chini, mbele ya magoti yake.

"Chukua chombo chako," alisema. "Vile vingine viko rafuni. Nilikuwa naviosha kila mara, huku nikikuombea kwa Mungu."

Kisha akaenda kuufungua mzigo wake, kitu kimoja kimoja.